Kompaila Ikikugomea: Dhana Potofu na Ukweli

Anayejifunza Linux hapa Mombasa, awe chuoni Tudor au nyumbani Likoni, hufika siku akakuta programu huria anayoitaka haimo kwenye hifadhi ya mfumo wake. Inabidi aikompaili mwenyewe, yaani augeuze msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa, kwa zana iitwayo kompaila. Anaandika make, amri inayoendesha hatua za ujenzi, skrini inajaa maandishi, kisha kazi inakwama. Hapo ndipo ushauri wa haraka haraka humpoteza, na inaniuma kuona watu wenye uwezo wakiacha kwa sababu ya mambo yasiyo kweli.

Dhana: Kosa ni ule mstari wa mwisho.

Mstari wa make unaoishia na "Error 2" unasema tu kwamba kuna kazi iliyoshindwa huko juu. Unalolitafuta ni kosa la kwanza, maana mengi yanayofuata yamezaliwa nalo. Ukitumia make -j8, kazi nane huenda pamoja na maandishi yao yakachanganyika, kwa hiyo rudia kwa make -j1. Yahifadhi yote kwa make 2>&1 | tee jengo.txt, kisha utafute neno error kuanzia juu. Ikiwa kilichokwama ni configure, skripti inayokagua mashine kabla ya make, fungua config.log, lakini usianzie chini kabisa: mwisho wa faili hiyo ni orodha ya vigezo, na jaribio lililoshindwa liko juu yake.

Dhana: Nimeshaweka zlib, basi zlib.h ipo.

zlib ni maktaba ya kubana data. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha zlib1g ni cha kuendeshea programu tu. Faili za vichwa (.h) anazozihitaji mjenzi zimo katika zlib1g-dev. Fedora huziita kwa kiambishi -devel. Ukiona "undefined reference", hilo ni jambo jingine: kompaila imeshamaliza kazi yake, ila linka, inayounganisha vipande na maktaba kuwa programu moja, haikupewa maktaba inayohitajika, au -lm (maktaba ya hesabu) imetajwa kabla ya faili zinazoihitaji.

Dhana: Kompaila ikifa ghafla, msimbo ni mbovu.

Hapa nawasihi mtulie, kwa sababu hapa ndipo watengenezaji wengi hulaumiwa bure. Neno "Killed" mara nyingi maana yake RAM imekwisha na kerneli, kiini cha mfumo, imeiua kompaila ili mashine iendelee kuishi; amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itakuthibitishia. Laptopu ya GB 4 inayojenga programu kubwa ya C++ kwa -j8 haina pa kupumulia. Shuka hadi -j2, au ongeza swopu, nafasi ya diski inayoisaidia RAM.

"Internal compiler error: Segmentation fault" ina kipimo chake. Rudia ujenzi. Ikiangukia faili ile ile kila mara, shuku kompaila. Ikihama, leo faili hii, kesho ile, shuku mashine yenyewe, kwa kuwa kompaila ikipewa kitu kile kile inatakiwa itoe jibu lile lile. Kujenga programu kunaichosha prosesa kuliko kazi nyingi za kawaida, na katika joto la kaskazi, feni iliyojaa vumbi haiwezi kuipoza. Safisha feni, ipime RAM kwa memtest86+, ndipo uulize juu ya msimbo.

Dhana: Umeme ukirudi, endelea na make ulipoachia.

Make haikagui kilichomo ndani ya faili, hulinganisha tarehe tu. Umeme ukikatika faili ya .o (iliyokompailiwa) ikiwa nusu, make itaiona mpya kuliko ile ya .c (ya msimbo) na kuipokea kama nzima, mpaka linka ilalamike "file truncated". Piga make clean. Kwa mradi wa CMake, zana nyingine ya ujenzi, futa saraka yote ya ujenzi. Na deskitopu ambayo betri yake ya saa imekufa ikiamka na tarehe ya zamani, utaonywa "Clock skew detected". Rekebisha saa kwanza.

Halafu kuna wanaosema msimbo uliokubali miaka yote hauwezi kukataa leo. Unaweza, bila kubadilika hata herufi. GCC ndiyo kompaila ya kawaida ya Linux. GCC 10 ya mwaka 2020 iliacha kuvumilia kigezo kimoja kutangazwa bila extern katika faili kadhaa, ndipo "multiple definition" zikamwagika; CFLAGS=-fcommon huziondoa. GCC 14 ya 2024 ikageuza onyo la kuita kitendakazi kisichotangazwa kuwa kosa. GCC 15 ya 2025 ikahamia C23, toleo jipya la lugha ya C, ambamo bool ni neno la lugha yenyewe, na miradi iliyojitungia bool yake ikavunjika. Jaribu CFLAGS=-std=gnu17.

Kuhusu sudo make, yaani kuendesha make kwa mamlaka ya root, msimamizi wa mfumo: haiponyi kosa lolote kati ya haya. Inakuachia faili za root, na kesho make ya kawaida inakujibu "Permission denied". Ukitumia ./configure --prefix=$HOME/.local, hata make install haitahitaji sudo.