Kufupisha propela ya Hilux ya zamani: usianze na urefu

Hilux za miaka ya 1970 na za mwanzo wa 1980 bado zinapiga kazi huku Mtwara. Nyingine zinapandisha mizigo Newala, nyingine zimelala chini ya miembe Mikindani zikisubiri mtu mwenye moyo. Anayezifufua mara nyingi huanza na giaboksi: ya gia nne inatoka, ya gia tano inaingia. Mkia wa hiyo mpya ukiwa umerudi nyuma zaidi, propela (bomba la chuma linalozunguka na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za eksi ya nyuma) inakuwa ndefu, haiingii, na simu inanijia: "Fundi, nikate sentimita ngapi?"

Sentimita ni hesabu ya dakika chache. Gari linatetemeshwa na mambo mengine: bomba lililopinda wakati wa kuchomelea, yoki (uma za chuma kwenye ncha za propela) zilizofungwa bila mstari, na pembe zisizolingana za krosi, vile viungo vya msalaba vinavyoiruhusu propela kupinda. Hayo ndiyo yanayokula siku.

Tumalize urefu kwanza. Gari lisimame kwa matairi yake kwenye sakafu ngumu, si kwenye mchanga, wala difu lisining'inie hewani, maana springi zikilegea difu linahama na kipimo chako kinakuwa cha uongo. Sukuma yoki ya mbele ndani ya giaboksi mpaka igote, kisha irudishe nje milimita 25 hivi. Hiyo ndiyo nafasi ya kucheza springi zinapobonyea. Ukiinyima, siku ya shimo kubwa propela itagonga giaboksi kama nyundo. Sasa pima kutoka katikati ya krosi ya mbele hadi pale katikati ya krosi ya nyuma itakapokaa kwenye flenji ya difu, ile sahani inayofungwa kwa bolti. Toa kipimo hicho kwenye urefu wa sasa wa propela, nao upimwe katikati ya krosi hadi katikati ya krosi. Kinachobaki ndicho cha kukata. (Wenye Peugeot 404 mtanisamehe, propela yenu imefungwa ndani ya bomba lake na somo hili haliwahusu.)

Kabla grenda haijagusa chuma, chora mstari mrefu kwa patasi au rangi nyeupe, kutoka yoki moja hadi nyingine. Krosi ikifanya kazi kwa pembe haipokezi mwendo ulio sawa. Kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ya digrii 10 mwendo unapanda na kushuka kama asilimia 1.5, kwa digrii 20 unapita asilimia 6. Krosi ya pili ndiyo inayofuta makosa ya ya kwanza, ila kwa masharti mawili: yoki mbili za bomba zilale kwenye mstari mmoja, na pembe za mbele na nyuma zilingane. Yoki ikirudi imejizungusha kidogo tu, krosi ya pili haiifuti tena fujo yote.

Wapo wanaokata bomba katikati na kulivisha kipande cha bomba kingine juu. Sikubaliani nao. Unapata weldi mbili mahali bomba linapopenda kujipinda zaidi, na uzito ambao haukuwepo. Kata mwishoni, kwenye yoki. Yoki ina shingo iliyoingia ndani ya bomba kwa kubana. Saga weldi ya zamani taratibu kwa diski nyembamba mpaka uone mstari wa kiungo, usiile shingo, kisha igonge itoke. Kulipunguza bomba, funga klipu ya hosi kulizunguka iwe mwongozo wako, kata ukifuata ukingo wake, malizia na tupa. Mwenye lezi, mashine ya kuzungusha na kukata chuma, apeleke huko, atalala mapema.

Krosi zote zitoke kabla ya kuchomelea. Joto linaua mpira na grisi, na umeme wa mashine ukipita kwenye vile vijiti vidogo vya bearing unavitoboa vishimo. Ndiyo maana klampu ya ethi huwekwa kwenye bomba lenyewe. Rodi ya kuchomelea ninayoiamini ni E7018 ya milimita 2.5, lakini hapa kwetu pwani hewa ina unyevu na rodi hizi haziupendi kabisa, weldi inaweza kupasuka baadaye bila kukuaga. Fungua pakiti mpya siku ya kazi.

Gonga yoki irudi, mistari ikutane, kisha piga doti nne zinazokabiliana, yaani weldi ndogo za kushikilia tu. Simama hapo. Laza propela juu ya vyuma viwili vya angle, izungushe kwa mkono, na weka daili geji (saa ya kupimia bomba linavyoyumba) katikati ya bomba na karibu na weldi. Kama huna, msumari uliofungwa imara pamoja na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, vinatosha. Mimi sikubali zaidi ya nusu milimita. Ikizidi, doti bado zinasikiliza nyundo. Weldi kamili haisikilizi. Ikinyooka, choma vipande vifupi, kimoja huku, kinachofuata upande wa pili, maana weldi ikipoa hujikunja na kulivuta bomba upande wake. Pima tena ikipoa.

Halafu pembe, ambazo wengi hawazipimi kabisa. Weka simu yenye programu ya kupimia mwinamo kwenye giaboksi, kisha kwenye flenji ya difu. Mistari ya hivyo viwili iwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja, na kila krosi ipinde kidogo, digrii moja hadi tatu. Ikinyooka kabisa bearing hazizunguki na zinajichimbia mahali pamoja. Huku kwetu gari la msimu wa korosho halifanani na gari tupu: magunia yakipanda, springi zinalala na pembe zinabadilika. Pima tupu, pima na mzigo, kisha amua ni hali ipi unayoiendesha zaidi. Marekebisho hufanywa kwa kabari za chuma kati ya springi na eksi.

Balansi ya mashine, yaani kusawazisha uzito wa propela pande zote, siidharau. Gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa bomba la inchi 3, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa na propela ikizunguka karibu mara 2,500 kwa dakika, zinavuta kwa nguvu ya kilo 5 hivi. Kwenye 40 zinavuta robo yake tu. Ndiyo maana gari hutulia mjini na kutetemeka barabara ya Masasi. Kwa muda, funga klipu mbili za hosi karibu na weldi, vichwa pamoja, jaribu barabarani, zungusha robo, jaribu tena. Upande uliotulia zaidi, tenganisha vichwa kidogo kidogo mpaka mtetemo upungue. Magari yangu huyaacha hivyo mpaka propela ipate lifti ya kwenda Dar kwenye mashine.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza tena bolti za flenji na uguse vikombe vya krosi, gari likiwa limezimwa na matairi yamezuiwa. Kilichochemka kuliko wenzake kimebanwa vibaya. Fungua ukiweke upya.