Kitambulisho cha mjasiriamali na nafasi ya maonyesho

Wengi hapa Tabora huamini kuwa mwenye kitambulisho cha mjasiriamali mdogo anaweza kutandika bidhaa popote, hata ndani ya viwanja vya Nanenane, Ipuli. Imani hiyo ina mzizi: vitambulisho vilipoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, vililenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, wasisumbuliwe na ushuru mdogo mdogo.

Lakini nafasi ya maonyesho hukodishwa, hilo ni jambo jingine. Aliyelipia kibanda cha asali huumia kweli mwenzake akitandika asali mlangoni pake, ingawa mara nyingi huyo naye aliambiwa vibaya tu.

Kabla ya kubeba mzigo, muulize mwandaaji masharti na bei, kisha dai risiti. Ukibaki na shaka, pita ofisi ya biashara ya halmashauri.