Je, wajua kwa nini Katiba ya Marekani ilianza bila haki za raia?

Uhuru wa kusema, uhuru wa kuabudu, haki ya kutopekuliwa nyumbani ovyo: mtu akiitaja Katiba ya Marekani leo, hayo ndiyo huja kwanza mdomoni. Lakini katiba iliyotiwa saini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787 haikuwa na hata moja kati ya hayo. Yaliingia miaka minne baadaye, na yaliingia kwa sababu watu walioipinga katiba ile nusura washinde.

Taifa lenyewe lilikuwa changa na hoi. Majimbo 13 yaliunganishwa na Mkataba wa Shirikisho ulioanza kazi mwaka 1781, na chini yake serikali kuu haikuweza kutoza kodi. Iliweza tu kuyaomba majimbo yachange. Mkataba wenyewe haukubadilika mpaka majimbo yote 13 yakubali. Mwaka 1782 Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje, na mpango mzima ukakwama. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliobanwa na madeni na kodi wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu, Daniel Shays akiwa miongoni mwa viongozi wao, na serikali kuu haikuwa na jeshi la maana la kupeleka. Hofu hiyo iliwasukuma wajumbe 55 kwenda Philadelphia. Walitumwa kuurekebisha mkataba. Wakauweka kando na kuandika katiba mpya, milango ikiwa imefungwa.

Siku tano kabla ya kutia saini, George Mason wa Virginia alisema katiba hii ingefaa itanguliwe na tamko la haki. Mason hakuwa mtu wa kubahatisha, kwani yeye ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa tamko la haki la jimbo lake mwaka 1776. Elbridge Gerry wa Massachusetts akatoa hoja rasmi. Hakuna ujumbe wa jimbo hata mmoja ulioiunga mkono. Wajumbe walikuwa wamechoka baada ya karibu miezi minne ya mabishano, na Roger Sherman wa Connecticut akawaambia kwamba matamko ya haki ya majimbo yangebaki palepale. James Wilson, mjumbe wa Pennsylvania, alifafanua zaidi hoja yao mwezi Oktoba: serikali kuu imepewa mamlaka yaliyotajwa tu, kwa hiyo haina maana kuikataza jambo ambalo haikuruhusiwa kulifanya. Alexander Hamilton, mjumbe wa New York, baadaye alikwenda mbele zaidi akisema orodha ya haki ni hatari, maana inaashiria kuwa serikali ina mamlaka ambayo haikupewa.

Kwa maoni yangu hoja hiyo ilikuwa na tundu kubwa, na wapinzani waliliona mapema. Katiba iliipa Bunge la Congress uwezo wa kutunga sheria zote zinazohitajika ili kutekeleza mamlaka yake. Nani angeamua kipi kinahitajika? Congress yenyewe. Mason, Gerry na Edmund Randolph, gavana wa Virginia, walikataa kutia saini.

Kisha ukaja mtego wa taratibu. Ibara ya saba ilisema katiba itaanza kazi majimbo 9 yakiiridhia, na kwamba yataridhia kupitia mikutano maalumu ya wajumbe waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Sharti la majimbo yote 13 likarukwa, na mabunge ya majimbo, ambayo yalikuwa na mengi ya kupoteza, yakawekwa pembeni. Upande wa Ndiyo, yaani waliotaka katiba ipite, uliharakisha mambo. Kule Pennsylvania, wabunge waliotaka kuchelewesha uchaguzi wa wajumbe walijificha ili akidi isitimie. Kundi la watu likavamia walipolala wawili wao, likawakokota hadi ukumbini na kuwakalisha kwa nguvu. Akidi ikatimia. Delaware likawa la kwanza kuridhia, tarehe 7 Desemba 1787, bila kura hata moja ya Hapana.

Pale Massachusetts mambo yalibadilika. Mkutano wa Boston ulikuwa umejaa wajumbe kutoka mashamba ya magharibi, wengi wao wakiwa bado na machungu ya kuzimwa kwa uasi wa Shays. Mwenyekiti, John Hancock, alikuwa nyumbani akiuguza jongo na hakuna aliyejua atasimama wapi. Viongozi wa Ndiyo walimfuata, na alipoingia ukumbini alikuja na pendekezo: tuiridhie katiba kama ilivyo, lakini tuambatanishe marekebisho 9 ambayo Congress ya kwanza itaombwa kuyashughulikia. Samuel Adams, aliyekuwa na mashaka yake, akaunga mkono. Tarehe 6 Februari 1788 kura zikawa 187 kwa 168. Wajumbe 10 tu wangegeuka, katiba ingeanguka pale.

Hapo ndipo fumbo linapofunguka. Mpaka siku hiyo jimbo lilikuwa na njia mbili tu, kukubali au kukataa. Massachusetts lilionyesha ya tatu: pitisha sasa, rekebisha baadaye. Majimbo yote yaliyofuata, isipokuwa Maryland, yalituma mapendekezo ya marekebisho. Wakenya wa mwaka 2010 wataitambua hoja hii, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa na upande wa kijani, wa Ndiyo, kuelekea kura ya maoni ya katiba mpya ya tarehe 4 Agosti, huku upande wa nyekundu, wa Hapana, ukitaka kasoro zirekebishwe kwanza.

Vita kubwa kuliko zote ilipiganwa Richmond, Virginia, mwezi Juni. Patrick Henry, mpinzani wa katiba, alizungumza siku baada ya siku, akauliza wale wajumbe wa Philadelphia walipata wapi idhini ya kuandika "Sisi Wananchi" badala ya "Sisi Majimbo". James Madison, mmoja wa waandishi wa katiba, mwenye sauti ndogo, alimjibu kifungu kwa kifungu. Tarehe 25 Juni Ndiyo ilishinda kwa kura 89 dhidi ya 79. Wakati huo wajumbe hawakujua kuwa New Hampshire lilikuwa limekwisha kuwa jimbo la tisa siku nne kabla. Habari zilisafiri kwa farasi. New York likafuata mwezi Julai, 30 kwa 27. North Carolina likagoma.

Ahadi ni deni, na wapiga kura wa Virginia walimdai Madison. Alipogombea kiti cha Congress mapema mwaka 1789 dhidi ya James Monroe, Wabaptisti wa jimbo hilo, ambao wahubiri wao waliwahi kutiwa jela, walitaka kujua uhuru wa dini utalindwa vipi. Madison, ambaye awali hakuiona haja ya orodha, aliahidi hadharani kuipigania. Alishinda kwa kura 1,308 dhidi ya 972. Tarehe 8 Juni alisimama bungeni kuwasilisha marekebisho, na wenzake wengi walimwona anawapotezea muda. Hakukata tamaa. Congress ilipeleka marekebisho 12 kwa majimbo mwezi Septemba. North Carolina likajiunga Novemba. Rhode Island likaingia Mei 1790 kwa tofauti ya kura mbili, 34 kwa 32. Tarehe 15 Desemba 1791 marekebisho 10 kati ya yale 12, yenye haki zile za raia, yakawa sehemu ya katiba.

Pamoja na hayo, yalikuwa na mpaka mwembamba. Yaliizuia serikali kuu peke yake. Madison alitaka majimbo nayo yakatazwe kuingilia dhamiri, vyombo vya habari na haki ya kesi za jinai kuamuliwa na jopo la raia, na pendekezo hilo aliliona la thamani kuliko yote, Seneti ikalifuta. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa lolote katika mabishano yale yote. Lango la kuyabana majimbo lilifunguliwa na marekebisho ya 14, mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.