Kalafati ni ipi, na ipi siyo

"Tumepiga kalafati juzi tu, na omo linavuja vilevile." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara ukiuliza kilichofanyika unaambiwa mtu aliingia ndani ya mashua, akapapasa mbele, ndiko omoni, mpaka akapata palipo na unyevu, akapaka lami au gundi, akatoka. Hiyo si kalafati. Kalafati ni pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikashindiliwa katika maungio ya mbao za chombo ili maji yasipite. Kukalafati ni kuifanya kazi hiyo. Maana yenyewe ni fupi hivyo, lakini kila neno lililomo lina kazi yake, na linaloachwa mara nyingi zaidi ni "maungio".

Neno hili limetembea bahari nyingi. Waarabu wana qalfata, Waturuki kalafat, Waitaliano calafatare, Wahispania calafatear, Wareno calafetar. Wagiriki wa Constantinople walikuwa nalo pia: mfalme wao Mikaeli wa Tano, aliyetawala kuanzia 1041 hadi 1042, aliitwa Kalaphates kwa sababu baba yake aliwahi kuishi kwa kazi hiyo kabla ya kupewa uongozi wa merikebu za kifalme. Kote huko ni jina la ufundi wenye wenyewe. Wareno wamelipeleka mpaka majumbani, wanalitumia hata kwa kuziba dirisha linalopitisha upepo, na sina ugomvi nao, kwa kuwa hata dirishani wanazungumzia mwanya ulio kati ya vitu viwili vilivyokutanishwa.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotamani ishikwe. Ufa ni mti uliopasuka. Tundu ni mti uliotobolewa, na msumari au na wadudu wa baharini. Maungio ni mahali ambapo mbao mbili nzima zimekutana kwa makusudi ya fundi. Kalafati ni ya maungio. Ngalawa, kwa mfano, imechongwa katika gogo moja. Gogo lake likipasuka linazibwa, linatiwa kiraka, wala hapo hapana pa kukalafati. Jahazi, mashua na dau la mbao vina maungio toka omo hadi tezi, yaani nyuma, na kila ungio lina pamba yake.

Fundi anayejua kazi huacha mbao zigusane barabara upande wa ndani, na upande wa nje zikae wazi kidogo. Pamba huingizwa kutokea nje, katika uwazi huo, kwa nyundo na patasi butu iitwayo chembeu, kidogo kidogo, ikikunjwa na kushindiliwa. Chombo kikishushwa majini mbao hunywa maji na kuvimba, zikaibana pamba, nayo pamba ikalowa na kujaa. Maji yenyewe yanayotaka kuingia ndiyo yanayoukaza mlango. Kwa hiyo anayesokomeza kitambaa kutokea ndani anashindana na bahari inayokisukuma kitoke. Na anayejaza saruji au gundi ngumu kwenye mbao zilizokaushwa na jua ameweka kitu kisichokubali kubanwa: mbao zikivimba, ama kitabanduka, ama zitasukumana mpaka misumari ilegee kwenye mataruma, mbavu za chombo. Hata pamba ikishindiliwa kupita kiasi kwenye mbao kavu huleta madhara hayohayo. Ndiyo sababu chombo kilichokaa pwani muda mrefu kinapovuja siku ya kwanza majini, kwanza kinaachwa kinywe maji, huku watu wakiyafua, yaani wakiyachota na kuyamwaga nje, kabla ya mtu kushika nyundo.

Sasa omo. Mabaharia husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji nayo hufuata njia hiyohiyo. Yaliyoingilia mbele hutelemka juu ya mkuku, mti mkuu wa chini ya chombo, yakakusanyika ngamani, tumboni mwake, na mtu akiyakuta hapo anapiga nyundo hapohapo, hali mbao za ngamani hazina kosa. Kinyume chake pia hutokea: unyevu unaonekana omoni, kumbe umeteremka kutoka juu, penye msumari wa ubao wa pembeni. Mahali pa kutazamwa kwanza ni hanamu, pale vichwa vya mbao za pande zote mbili vinapokuja kuishia. Kichwa cha ubao hunywa maji upesi kuliko ubavu wake na huoza mapema, na ndicho kinachopigwa na kila wimbi. Chombo kikitikisika, pamba ya hapo ndiyo ya kwanza kulegea.

Njia nzuri ya kupatafuta ni kungoja maji yapwe. Chombo kikipwelewa, maji yaliyomo ndani hutoka palepale yalipoingilia, na ukipita nje kwa utulivu utaona ungio linalotoa machozi wakati mengine yamekwisha kukauka. Kama ndani ni pakavu, mimina maji mbele kwa ndoo, kidogo kidogo, uanzie chini kupanda juu, kisha utie alama ya makaa kila panapotoka. Ukijaza yote kwa mpigo mmoja, hutajua ni lipi lilianza. Na chombo kinachovuja kikiwa safarini tu, kikitia nanga hakivuji, mara nyingi kina ungio bovu juu ya mstari wa maji, upande unaozama kinapolala kwa upepo. Huulizwa kilikuwa kinalalia wapi kilipoanza kuvuja.

Ungio likipatikana, pamba ya zamani hutolewa yote, mwanya ukasafishwa, na mti ukachunguzwa kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, hapo pana ubao wa kubadilishwa, na pamba ya dunia nzima haitasaidia. Msumari ulioliwa na kutu nao hung'olewa ukapigwa mwingine. Mti ukiwa mzima ndipo inapotiwa pamba mpya.

Kuna vitu viwili vingine vinavyoitwa kalafati kimakosa, na hivi vinanisikitisha zaidi kwa sababu majina yake tunayo. Sifa ni mafuta ya ini la papa, hupakwa mbao ili zisikauke na kupasuka. Deheni ni mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, hupakwa sehemu ya chini inayokaa majini, kuuhifadhi mti na wadudu watoboao. Vyote viwili hupakwa juu ya uso wa mti. Pamba huzama ndani yake. Mtu akikuambia chombo kimekalafatiwa kwa sababu kinang'aa, amekuonyesha sifa au deheni, na maungio yake hujayaona bado.

Boti za faiba zina habari yake. Omo lake likivuja, mara nyingi maji yamepita kwenye boliti za vyuma vya mbele, au kwenye kifuniko cha sitaha, au kwenye kisanduku cha nanga ambacho tundu lake la kutolea maji limeziba. Boliti inafunguliwa, inasafishwa, inatiwa gundi laini ya baharini, inakazwa tena. Ni kazi halali inayotaka uangalifu, ila faiba haivimbi, kwa hiyo iitwe kuziba.

Na yule aliyepaka lami ndani ya omo baharini, upepo ukivuma, hakukosea kupaka. Alitakiwa kufika pwani, na amefika. Aseme tu kwamba ameziba. Maji yakipwa, amwite fundi aje na pamba na chembeu, aanzie nje, kwenye hanamu.