Uimara wa kiwiliwili: kwa nini sitapu hazimtoshi mwanasoka

Pita uwanja wa mtaa wowote Arusha asubuhi, Ngarenaro au Unga Limited, utakuta mmoja kakalia miguu ya mwenzake huku akimhesabia sitapu, yaani kulala chali na kuinuka hadi kukaa: themanini, tisini, mia. Zoezi hilo linafundisha mgongo kujikunja. Mpira unadai kinyume chake.

Uimara wa kiwiliwili ni uwezo wa misuli inayozunguka kiuno kushika uti wa mgongo na nyonga visiyumbe wakati miguu na mikono inafanya kazi. Misuli ya mbele, ile ya vipande inayopigiwa picha, ni sehemu tu. Kuna ya ubavuni, wa ndani unaozunguka tumbo kama mkanda, midogo inayoshika pingili za mgongo, na makalio.

Mwangalie anayepiga krosi. Amesimama kwa mguu mmoja, wa pili unafyatuka, mabega yanazungukia upande mwingine. Kiuno kikilegea hapo, nguvu inapotea kabla ya kufika mpirani, na mzigo unaangukia kinena au mgongo. Masika, uwanja ukiwa tope, hilo linaonekana hata ukiwa jukwaani.

Sitapu si sumu. Shida ni kwamba miguu ikishikwa, kazi kubwa inahamia kwenye misuli inayoinua paja, ambayo mchezaji huichosha tayari kwa kukimbia na kupiga mashuti. Ndiyo maana wengi humaliza mia moja wakishika kiuno, si tumbo.

Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ haina sitapu. Ina planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu bila kusogea, ya kawaida (kifudifudi) na ya ubavu, kwa anayeanza sekunde 20 hadi 30, mara 3. Viwiko vikae chini ya mabega, na mwili unyooke kutoka kichwani hadi visiginoni. Kiuno kikibonyea, mgongo wa chini ndio unaobeba. Makalio yakipanda, tumbo limepumzika. Na usibane pumzi.

Ongeza hili: lala chali, mikono imenyooka kuelekea angani, magoti yamekunjwa nyuzi 90 hewani. Shusha taratibu mkono wa kulia na mguu wa kushoto huku ukitoa pumzi, rudisha, badilisha. Mara 6 hadi 8 kila upande zinatosha. Kunja bibu (kizibao cha mazoezi) uiweke chini ya kiuno, mwenzako aivute. Ikichomoka kirahisi, mgongo umeinuka. Punguza umbali wa kushusha mguu. Wengi hufeli hapa, hata wenye sitapu zao mia.

Usitarajie planki pekee impe winga kasi. Mbio zina mazoezi yake. Wala usishindane kukaa dakika tano. Sekunde 30 zikiwa nyepesi, baki kwenye planki uinue mguu mmoja mmoja kwa zamu, kila mmoja sekunde 2, kwa sekunde 40 hadi 60. Nyonga zikianza kuzunguka, shuka hapo hapo, hata kama saa bado.