Gari imeunguza gasketi: maana yake nini hasa kwenye lori la dizeli lenye tabo

Ukishinda kwenye magereji ya huku Tanga haipiti siku hujasikia "gari imeunguza gasketi". Dereva anasema, tandiboi anasema, hata tajiri wa machungwa kule Muheza akipigiwa simu akaambiwa hivyo anajua hapo hela imeshaondoka. Ila ukiuliza gasketi ipi, imekaa wapi na imeunguzwa na nini, wengi wanakwama, na hili linaniuma kwa sababu nimeona watu wanafungua injini moja mara mbili mara tatu kwa ugonjwa uleule.

Injini chini kuna bloku, humo ndo zimo silinda na pistoni zinapanda na kushuka, af juu yake inafungwa hedi yenye vali na nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda). Katikati ya hivyo vyuma viwili inalazwa gasketi, ni bamba jembamba lenye matundu matundu, za zamani zilikuwa za mchanganyiko wa nyuzi na bati, za injini nyingi za sikuhizi ni bati tupu za chuma zimelaliana. Kazi yake ni vitu vitatu visikutane, moto wa kwenye silinda, maji na oili, na vyote hivyo vinapita jirani kabisa, kuna sehemu kati ya silinda na silinda pamebaki pembamba kuliko upana wa kidole.

Sasa kwanini malori ya tabo? Dizeli haina plagi ya kupiga cheche, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, inabanwa mara 16 hadi 20 hivi, na tabo nayo kabla ya hapo imeshaisukuma hewa ndani kwa nguvu. Mafuta yakiwaka, presha ndani ya silinda kwenye injini nyingi za malori inapita baa 150 (baa ni kipimo cha presha). Tairi la lori unajaza kama baa 8 na likipasuka unajua linavyofanya, chukua hiyo zidisha karibu mara 20, ndo kinachoipiga ile gasketi kila silinda inapofanya kazi yake, mchana kutwa. Inachoizuia isitoke ni bolti za hedi tu. Hedi ikipata moto kupita kiasi inapinda, hasa za aluminiamu, mbano unalegea sehemu moja, moto unapata njia, ukishapata njia unaila gasketi taratibu mpaka inatoboka. Hiyo ndo kuungua.

Dalili zake zinategemea imetobokea wapi. Ikitobokea kati ya silinda na njia ya maji, gesi inaingia kwenye maji, maji yanapungua bila kuona tone chini, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama fimbo dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, na rejeta inatema. Gari ikilala maji nayo yanaingia silinda, asubuhi unaona moshi mweupe mzito. Hapa kuwa makini sana, asubuhi ukipiga stata injini ikagoma kuzunguka kama imefungwa USILAZIMISHE, maji hayabanwi, utakunja konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kwenye shafti ya chini. Ikitobokea kati ya maji na oili, ukichomoa stiki ya oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Ikitobokea kati ya silinda mbili, maji hayapungui wala oili haibadiliki, gari inakosa nguvu na kutetemeka tu, na hii ndo inayowachanganya mafundi wengi wanabadilisha nozeli bure.

Kipimo rahisi ni asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (ya moto usifungue mfuniko, utaungua uso), fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa, angalia. Mapovu machache mwanzoni ni upepo uliobaki, yanaisha. Yakiendelea kuja mfululizo na ukikanyaga mafuta yanazidi, kuna gesi inaingia.

Lakini ngoja kwanza, usishike spana. Malori yenye breki za upepo yana kompresa ya kujaza huo upepo, na kompresa nyingi zinapozwa na maji hayahaya ya injini. Gasketi ya kompresa ikifa inasukuma upepo kwenye maji na unapata mapovu yaleyale, rejeta inatema vilevile. Kwa mda mfupi fanya maji yasipite kwenye kompresa, uunge mpira moja kwa moja, washa tena, mapovu yakikata umejiokolea kazi ya siku mbili. Oili na maji kuchanganyika nako kunaweza kuwa oili kula, yaani kipozeo cha oili, imetoboka ndani. Na moshi mweupe unaonuka dizeli mpaka macho yanawasha huo mara nyingi ni nozeli au pampu ya dizeli, wa maji haunuki hivyo. Ukishaondoa hayo yote ndo unapima kompresheni (mbano wa hewa) silinda moja moja, mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja hapo jibu unalo.

Kuna lori la machungwa lilikuja kwetu, dereva mtu mzima, kaniambia "fundi, gasketi hii ya tatu tangu mwaka uanze, na mie ninavyoendesha sijabadilika." Tumepima kompresheni, silinda ya 2 na ya 3 ziko chini. Tumefungua, kati ya hizo silinda mbili kwenye gasketi kuna mchirizi mweusi wa masizi, ukipitisha kucha unaingia. Nimelaza rula ya chuma juu ya hedi, nikamulika tochi kwa nyuma, mwanga unapita katikati kama uzi. Yani waliofunga zile mbili za mwanzo waliweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda! Na rejeta, tuliposhika kabla ya kufungua injini, juu inaunguza chini baridi, nusu ya mirija imeziba ukoko mweupe. Dereva alikuwa anajaza maji ya kisima, na visima vingi vya huku pwani maji yake yana chumvi.

Ndo maana nasema kuungua gasketi ni matokeo, nyuma yake kuna kitu, rejeta imeziba, feni imelegea, wota pampu, mfuniko wa rejeta haushiki presha, au mtu kafungua pampu ya dizeli mafuta yawe mengi ili gari ipande vizuri ule mlima wa Mombo kwenda Soni na joto limepanda nalo. Na hii tabia ya kutoa themostati (vali inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto) eti gari isichemshe naipinga kabisa, kuna injini ukiitoa maji yanapita njia ya mkato bila kufika rejeta, unazidisha ugonjwa.

Kwenye kufunga sasa. Bolti unalegeza injini ikiwa baridi, kuanzia nje kuja ndani. Hedi inaenda kupimwa nyufa kwa presha kabla hujailipia kuskimu, yaani kukwanguliwa uso unyooke, na sio kila hedi ya dizeli inaruhusu kuskimu, ukikwangua sana vali zinasogelea pistoni. Bloku nayo pima, na kama slivu (mirija ya silinda) ni zile za kuchomoa hakikisha hakuna iliyozama. Usisafishe kwa diski ya msasa, chembe zake zinaenda kumaliza beringi. Matundu ya bolti pulizia upepo yakauke, ikibaki oili chini ukikaza inapasua bloku. Gasketi za dizeli nyingi zina unene tofauti, angalia alama za matundu au vikato pembeni, unachagua kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Usipake silikoni isipokuwa pale kitabu cha injini kinaposema. Bolti za kuvutika, zile zinazorefuka zikikazwa, weka mpya, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, sio kwa kukadiria mkono hata kama mkono wako una miaka 20 ya kazi.

Oili iliyoingia maji mwaga yote na filta, endesha kidogo mwaga tena. Jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), toa upepo kwenye mfumo, wiki ya kwanza angalia maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Lile lori tuliliwekea rejeta nyingine na hedi ikaskimiwa, yule mzee sikuhizi anatembea na dumu lake la kulanti nyuma ya siti, na akipita Kange hapa Tanga ananifungulia mfuniko asubuhi mwenyewe, maji yapo mdomoni, yametulia.