Mvinyo kidogo unaomiminiwa kwanza si wa kukuuliza kama umeupenda

Wengi huamini kwamba mhudumu wa mgahawa wa Kifaransa anapokumiminia mvinyo kidogo kabla ya mwenzako, anakupa nafasi ya kuukataa usipokufurahisha. Sivyo. Chupa mmeshaichagua, kinachokaguliwa ni kama imeharibika.

Kwanza anaonyesha lebo. Hakikisheni mzalishaji na mwaka wa mavuno ni ule ule mlioagiza, maana tofauti ya mwaka huweza kubadilisha bei sana. Kisha anafungua na kumimina kama mililita 30. Aonje aliyeagiza, awe mume au mke. Zungusha glasi, nusa. Mara nyingi pua inatosha.

Kasoro inayotafutwa hasa ni harufu ya boksi lililoloa au stoo yenye ukungu. Huletwa na kemikali iitwayo TCA, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye kizibo cha gome la mti. Nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuua harufu ya matunda, na glasi ikikaa, uvundo huo hauishi. Mvinyo mweupe uliogeuka kahawia na kunukia tufaha lililopondeka umeingiwa na hewa. Vipande vya kizibo vinavyoelea, au chembe kama sukari chini ya chupa, si kasoro.

Ukiwa na shaka, mwombe mhudumu anuse naye. Migahawa mizuri hubadilisha chupa mbovu bila malipo, wala si aibu kusema. Kama hofu yako ni kutoupenda, zungumza naye kabla ya kuagiza: mtajie bei mnayoimudu na vyakula mlivyochagua.